Elizabeth Zimmermann: Mama aliyefuma sweta nyuma ya pikipiki

Abiria wa bodaboda wana vituko. Kuna anayekula mahindi choma njia nzima, kuna anayepiga simu huku amebeba kuku kwapani. Lakini hata waendeshaji wa Mumias, ambao wameona mengi, wangegeuza shingo kumtazama mama huyu. Yeye alikuwa akipanda pikipiki nyuma ya mumewe, anatoa sindano na uzi, na kuendelea kufuma sweta huku barabara inapita. Wakifika waendako, mkono wa sweta umeongezeka.

Jina lake ni Elizabeth Zimmermann. Huenda hujawahi kulisikia. Lakini nenda popote duniani penye watu wanaofuma kwa mikono, utaje jina hilo, utaona nyuso zikichangamka. Alifariki mwaka wa 1999, kabla wengi wenu hamjazaliwa, na mpaka leo watu wanafuma kwa hesabu aliyowaachia.

Na kwa nini tumzungumzie mzungu wa mbali hapa kwetu? Kwa sababu ya sweta. Kila aliyesoma Kenya amevaa sweta ya shingo ya V. Shule zikikaribia kufunguliwa mwezi wa Januari, zungukia maduka ya sare kuanzia Mayoni hadi mjini Kakamega, utaziona zimening'inia: kijani, bluu, maruni, za kijivu. Nyingi hufumwa kwa mashine. Zile nzito zenye misokoto kifuani, zinazofanana na nywele zilizosukwa, tunazitoa kwa mitumba. Vijana wanazipenda mno msimu wa baridi wa Juni na Julai. Mtu anachimba rundo, anaibuka na moja safi, anajiona mshindi.

Lakini ni wangapi tunajua sweta hiyo ilivyotengenezwa? Mama zetu waliosoma wakati mfumo wa 8-4-4 ungali mpya walifundishwa kufuma katika somo la sayansi kimu. Wasiokuwa na pesa za sindano walinoa spoki za baiskeli, na kazi ikaenda. Kizazi chetu kimebaki kununua tu. Ndiyo maana maisha ya Elizabeth yanatuhusu: aliamini kwamba mtu wa kawaida, akiwa na sindano, uzi na hesabu ya darasa la sita, hahitaji kuambiwa na yeyote afume nini.

Binti wa Uingereza, mkimbizi wa Ujerumani

Elizabeth Lloyd-Jones alizaliwa Uingereza tarehe 9 Agosti 1910. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la majini. Mama yake na shangazi zake ndio waliomfundisha kufuma akiwa mtoto, kwa mtindo wa Kiingereza ambapo uzi hushikwa kwa mkono wa kulia na kuzungushwa kwenye sindano kila kitanzi. Baadaye yaya wake kutoka Uswisi akamwonyesha mtindo mwingine: uzi unakaa mkono wa kushoto, na sindano ya kulia inaudokoa tu. Mtindo huo ulimfaa, na ndio alioutumia maisha yake yote.

Alipokua hakwenda kusomea ufumaji. Alisomea sanaa, kwanza Uswisi kisha Munich, Ujerumani. Huko Munich ndiko alikokutana na Arnold Zimmermann, kijana Mjerumani aliyekuwa akisomea kazi ya kutengeneza bia.

Hiyo ilikuwa miaka ya 1930 na Ujerumani ilikuwa mikononi mwa Hitler. Neno moja baya kumhusu lilitosha kumpoteza mtu. Siku moja Arnold alisikika akimsema Hitler vibaya, na ikabidi aiache nchi yake. Wawili hao wakafunga ndoa Uingereza mwaka wa 1937, na mwaka huohuo wakavuka bahari kwenda Marekani kuanza upya.

Kuanza upya si mchezo. Walihamahama kufuata kazi ya Arnold mpaka wakafika jimbo la Wisconsin, ambako aliajiriwa katika kampuni ya bia ya Schlitz mjini Milwaukee. Walijaliwa watoto watatu. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, mtindo wa kushika uzi kwa mkono wa kushoto ulipoteza wafuasi katika nchi zinazozungumza Kiingereza, kwa kuwa ulihusishwa na Wajerumani. Ndiyo, siasa ilifika mpaka kwenye vidole vya wafumaji! Elizabeth, aliyekuwa na jina la ukoo la Kijerumani, hakubadilisha mkono.

Jarida lilipombadilishia kazi

Sasa tufike kwenye kisa kilichogeuza maisha yake.

Katika miaka ya 1950 Elizabeth alikuwa mama wa nyumbani aliyebuni sweta na kuuzia majarida maelezo ya jinsi ya kuzifuma. Alikuwa na njia yake. Badala ya kufuma vipande bapa, yaani mbele, nyuma na mikono, halafu kuvishona pamoja, alitumia sindano ya mviringo. Hizi ni sindano mbili fupi zilizounganishwa kwa waya unaopinda. Unafuma ukizunguka, mwili wa sweta unatokea kama mtungi usiokuwa na mshono, mikono nayo inatokea kama mitungi miwili midogo, kisha vyote vinaunganishwa kwapani. Hakuna kushona pande, na karibu muda wote unaangalia upande wa nje wa sweta yako, kwa hiyo kosa unaliona mapema.

Alituma kazi ya namna hiyo kwa jarida moja. Wahariri wakaichukua, wakamlipa, halafu wakayaandika upya maelezo yake ili sweta ifumwe vipande bapa na kushonwa, kama walivyozoea. Sweta ilikuwa yake lakini wazo lake walilitupa.

Jiweke kwenye viatu vyake. Wewe ni msanii, umetengeneza wimbo, mtu anaununua kisha anaondoa mdundo uliokufanya uutunge. Pesa umepata, lakini kitu chenyewe hakipo. Wengi tungenung'unika na kutuma kazi nyingine kwa watu walewale, maana bili hazingoji.

Elizabeth alichagua njia nyingine. Mwaka wa 1958, akiwa na umri wa miaka 48, alianza kuchapisha jarida lake dogo. Lilikuwa na karatasi chache tu zilizotumwa kwa posta kwa waliojiandikisha, zenye maelezo ya sweta kama yeye mwenyewe alivyotaka yaelezwe. Mwaka uliofuata akaanzisha kampuni ya kuuza uzi wa sufu, sindano na vitabu kwa njia ya posta. Aliiita Schoolhouse Press, kwa sababu makao yao yalikuwa jengo la shule kuukuu ya mashambani lililogeuzwa kuwa nyumba.

Leo ungesema alifungua chaneli yake, akaweka duka la mtandaoni, akawapita madalali. Tofauti ni kwamba alitumia stempu.

Sweta ya misokoto yafika Marekani

Wakati huohuo Elizabeth anasifiwa kwa jambo jingine: anatajwa kuwa ndiye aliyefuma sweta ya kwanza ya mtindo wa Aran iliyotokea katika jarida la Marekani, nalo ni la Vogue, mwishoni mwa miaka ya 1950.

Aran ni visiwa vitatu vidogo magharibi mwa Ireland, vyenye upepo mkali wa bahari. Sweta zake ni nzito, za rangi ya sufu isiyotiwa dawa, zenye misokoto ya kamba, almasi na vifundo. Ukiona sweta nzito ya misokoto sokoni, iwe imetengenezwa Uchina au Uturuki, babu yake ni huyo.

Kuna hadithi inayopendwa sana na wauzaji, ati kila ukoo wa Aran ulikuwa na msokoto wake ili mvuvi akizama, maiti yake itambuliwe kwa sweta. Ni hadithi tamu, lakini haina msingi. Mtindo huo ulishika kasi mwanzoni mwa karne ya 20, na wanawake wa visiwani walifuma sweta hizo ili wauze, wapate pesa za matumizi. Kwa maneno mengine, ilikuwa biashara. Mama anayefuma sweta za shule ili alipe karo angewaelewa mara moja.

Sasa, msokoto wenyewe unafumwaje? Watu huuogopa bure. Ukijua kusuka nywele, wazo unalo tayari. Tuseme msokoto wako una vitanzi 6. Unahamisha vitanzi 3 vya kwanza kwenye kisindano kifupi, unavishikilia nyuma ya kazi. Unafuma 3 vinavyofuata. Kisha unarudi kufuma vile 3 vilivyokuwa vinangoja. Basi! Vimepishana, na kamba imejikunja. Unafuma kawaida mistari 5 au 7, halafu unapishanisha tena. Ukivishikilia mbele badala ya nyuma, kamba inajikunja upande wa pili. Ukiweka vitanzi kadhaa vya kinyume kando ya kamba, inatokeza kama imechongwa.

Uzi mnene unarahisisha zaidi. Vitanzi ni vikubwa, unaviona vizuri, na kazi inakimbia.

Hesabu ya asilimia

Lakini zawadi kubwa ya Elizabeth haikuwa msokoto. Ilikuwa hesabu.

Aliona kwamba wafumaji wengi walikuwa watumwa wa maelezo. Jarida likisema anza na vitanzi 96, mtu anaanza na 96, hata kama uzi wake ni mnene kuliko ule wa jaridani na mwili wake si wa yule mwanamitindo. Sweta inatoka kubwa kama gunia au inabana kama soksi, na mfumaji anajilaumu yeye. Elizabeth alisema lawama iende kwingine. Akatunga mfumo wa asilimia ambao mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Mfumo unaenda hivi. Kwanza fuma kipande cha majaribio kwa uzi na sindano utakazotumia. Weka rula juu yake, hesabu ni vitanzi vingapi katika inchi moja. Kisha pima sweta unayoipenda, ile inayokukaa vizuri, uone mzunguko wa kifua chake. Zidisha. Jibu ndilo asilimia 100, na sehemu nyingine zinatokana nalo.

Tupige mfano. Uzi wako mnene unatoa vitanzi 3 kwa inchi. Sweta unayotaka ina mzunguko wa inchi 40, inayomtosha vizuri dada mwenye kifua cha inchi 36. Mara 3, unapata vitanzi 120. Hiyo ni asilimia 100. Mkono huanzia kwenye kifundo kwa asilimia 20, yaani vitanzi 24. Unaongeza polepole ukipanda, mpaka juu ya mkono ufike karibu asilimia 33, yaani 40. Ukibadilisha uzi au mvaaji, 120 itabadilika, lakini asilimia zinabaki palepale.

Je, shingo ya V? Tumia fikra hiyohiyo. Mbele ina nusu ya vitanzi, yaani 60. Gawa mara tatu: 20 bega la kushoto, 20 shingo, 20 bega la kulia. Ina maana ukifika mahali V inapoanzia, unaigawa mbele katikati, na kila upande unatakiwa kupunguza vitanzi 10 kabla ya kufika begani. Kama unataka V yenye kina cha inchi 7 na uzi wako unatoa mistari 4 kwa inchi, una mistari 28 ya kufanyia kazi. Punguza kitanzi kimoja kila upande takriban kila mstari wa tatu, na V yako itanyooka. Ukitaka iwe fupi, punguza harakaharaka. Mwishoni okota vitanzi kuzunguka shingo, ufume ukanda wa kuvutika.

Tahadhari moja tu: misokoto hubana kitambaa. Sehemu yenye kamba itakuwa nyembamba kuliko sehemu iliyofumwa wazi kwa idadi ileile ya vitanzi. Kwa hiyo kipande chako cha majaribio kiwe na misokoto yenyewe, la sivyo sweta itakataa kupita kifuani.

Hakuna zaidi ya kuzidisha na kugawanya hapo. Lakini tazama imefanya nini. Mtu aliyekuwa akifuata amri sasa anaamua mwenyewe, na jarida limekosa mamlaka juu yake.

Mwalimu wa taifa

Katika miaka ya 1960 televisheni ya umma huko Marekani ilimpa kipindi. Watu walimwona mama mwenye lafudhi ya Kiingereza akiwaambia kwamba wao ndio wakubwa wa sindano zao. Kitabu chake cha kwanza, Knitting Without Tears, kilitoka mwaka wa 1971 alipokuwa na miaka 60 hivi. Mwaka wa 1974 kikafuata Knitter's Almanac, chenye kazi ya kufuma kwa kila mwezi wa mwaka. Vingine viwili vikubwa vikatoka mwaka wa 1981 na 1989. Mwaka huohuo wa 1974 alianzisha kambi ya wafumaji Wisconsin, watu wakawa wanasafiri kutoka mbali kuja kukaa naye siku kadhaa na sindano zao.

Mojawapo ya kazi zake maarufu ni koti la mtoto alilolibuni mwaka wa 1968. Linafumwa kipande kimoja tu, na likiwa bado sindanoni halifanani na kitu chochote. Ukilishika unaweza kudhani limeharibika. Kisha unalikunja mara mbili, unashona mabegani, na kumbe ni koti lililokamilika!

Na pamoja na ubunifu wote huo, hakujipiga kifua. Alikataa kusema amevumbua. Alijitungia neno lake la utani kwa Kiingereza lenye maana ya kulifukua jambo ambalo bila shaka fundi mwingine, mahali fulani, zamani, aliwahi kuligundua. Aliamini kwamba katika maelfu ya miaka ya watu kushika uzi, haiwezekani yeye awe wa kwanza. Siku hizi mtu anabadilisha rangi ya kitu na kudai ni chake, kwa hiyo unyenyekevu huo unastahili kutazamwa mara mbili.

Elizabeth Zimmermann alifariki tarehe 30 Novemba 1999 huko Wisconsin, akiwa na umri wa miaka 89. Gazeti la New York Times liliandika taarifa ya kifo chake kama linavyowaandikia wakubwa wa siasa na sanaa. Binti yake, Meg Swansen, aliendeleza kampuni, vitabu na kambi.

Kwa kijana wa Mayoni

Tuwe wakweli: sweta ya mkono haiwezi kushindana na ya mtumba kwa bei. Uzi wenyewe unaweza kugharimu zaidi ya sweta nzima iliyochakaa kidogo pale sokoni, na hujahesabu jioni zako zote za kufuma. Anayekuambia utatajirika kwa sindano mbili anakudanganya. Elizabeth mwenyewe hakutegemea kuuza sweta mojamoja. Aliuza maarifa, uzi na vifaa.

Lakini kuna pengo ambalo mtumba hauwezi kuliziba. Mtumba haukupimi. Dada mwenye mabega mapana na kiuno chembamba, mama mzee anayetaka mikono mifupi asiilowanishe akiosha vyombo, mtoto mwenye mkono mmoja mfupi kuliko mwingine, hao wote wanachukua kilichopo. Anayejua hesabu ya asilimia anaweza kumfumia kila mmoja kitu chake, na kulipwa kwa hilo. Anaweza pia kufumua sweta kuukuu ya sufu iliyotoboka kiwiko, kuosha uzi, kuuanika, na kuanza upya kwa gharama ndogo.

Na pa kuanzia, Elizabeth alipendekeza kofia. Kofia ndiyo kipande cha majaribio kisichopotea, maana ukishamaliza kupima vitanzi vyake unaivaa. Kwa uzi mnene wa vitanzi 3 kwa inchi, vitanzi 60 vinamtosha mtu mzima, kwa kuwa kitambaa huvutika. Weka misokoto miwili mitatu ndani yake ujizoeze. Mvua za Kakamega zikianza jioni, utakuwa na kofia kichwani na kipimo cha sweta yako mkononi. Kisha muulize mama au shosho kama bado ana zile spoki.